Chupa Isiyo na Daraja

Walinipa wiski siku ya kuniaga,
wanunuzi wa korosho, na kofia, na makofi ya kutosha.
Miaka thelathini na mmoja nimesoma mizani pale ghalani,
nimeandika magunia mpaka kidole hiki kikapinda.
Zawadi ikaja ndani ya boksi lenye herufi za dhahabu,
kama kadi ya harusi ya watu wenye fedha zao.

Nikaiweka juu ya kabati.
Mwezi mzima tukatazamana.

Halafu Juni ikaingia Newala na ukungu wake,
ule unaopanda alfajiri kutoka bonde la Ruvuma
ukakaa uani kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikafungua.
Funda la kwanza lilinichoma, la pili likanihoji,
la tatu likaketi kifuani, likavua viatu.
Moshi. Mbao za zamani. Kitu kama asali iliyogombana na moto.
Somoe akanusa kifuniko:
"Inanuka famasi, na wewe umeifumbia macho kama unasali."

Mtu wa mizani hawezi kunywa tu.
Nikatafuta chupa tatu za jamu, nikazichemsha, nikazianika.
Ya kwanza: ganda la chungwa, bila ule weupe wake mchungu,
na kijiti cha mdalasini kisichozidi kidole cha mtoto.
Ya pili: mchaichai wa nyuma ya choo
("Sema wa uani," anasema Somoe),
tangawizi, iliki nne za kuponda.
Iliki ya tano ni kosa. Nimejaribu. Ulikuwa mchuzi wa pilau.
Nikabandika karatasi, kwa mwandiko uleule wa magunia:
tarehe, uzito, jina la mpokeaji.
Kila asubuhi natikisa, narudisha gizani.
Shemeji Likwembe huja kila jioni kuulizia afya ya chupa.
Yangu haulizi.

Ya tatu ilikaa tupu wiki nzima,
mpaka Somoe akatoa kwenye kopo la unga
vipande vya bibo alivyokausha tangu Novemba.
"Tia hivi," akasema, na hakusema zaidi.

Siku kumi na mbili.
Nikachuja kwa kitambaa, nikamimina kijiko,
nikaonja,
nikamwona mama.

Msimu wa mabibo, kichakani nyuma ya mihogo,
chungu kimezibwa kwa udongo, mwanzi umetoka ubavuni,
na maji ya kupozea kayapandisha kichwani kutoka bondeni,
mlima ule, mara tatu, kwa chupa moja ya nipa.
Tone. Kimya. Tone.
Hiyo ndiyo ilikuwa ada yangu ya shule.
Kalamu niliyoandikia magunia ilidondoka kwenye mwanzi ule.
Mgambo walipokuja walivunja chungu kwanza,
jina wakauliza baadaye.

Nimelishika boksi la wiski, nasomewa maneno yake na mjukuu:
yanasifu moto, maji ya mlimani, na subira.
Nayaelewa yote.
Mama hakuwa na boksi.

Korosho zina madaraja mawili,
nami nimeyapima yote bila kumpendelea mtu, hata Likwembe.
Chupa hii ilinishinda.
Kalamu ilisimama juu ya karatasi mpaka wino ukafanya doa.

Mama alikuwa na kipimo kimoja:
tone kwenye kijiko, njiti ya kiberiti.
Ukiwaka buluu, anaitikia kwa kichwa, anaziba kwa gunzi.
Usiku ule umeme ulipokatika nikafanya vivyo hivyo.
Kijiko nilikipasha kwanza juu ya jiko.
Ulimi mdogo wa buluu ukasimama, ukayumba, ukasimama.
Likwembe akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kuandikwa popote.
Somoe akauzima kwa kiganja,
akanyoosha kikombe chake kilichokatika mkono.
"Kidogo," akasema. "Hapo. Hapo hapo.
Na leo usipime."